Ukurasa mwekundu: kabla hujasema umeonewa

Mwenye tovuti akitumiwa na mteja picha ya ukurasa mwekundu unaosema tovuti yake ni hatari, neno la kwanza kumtoka ni "tumeonewa". Kuonewa kupo, na makala haya yatafika huko. Ila wengi wanaosema hivyo huwa bado hawajajua kama wameonewa au la, na jinsi wanavyolipokea onyo katika saa chache za mwanzo ndiyo inayoamua kama litaondoka kesho au litakaa wiki kadhaa.

Chukua kisa cha php.net, tovuti rasmi ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Tarehe 24 Oktoba 2013 Google iliiwekea onyo la programu hasidi. Wasimamizi wake hawakuwa wanagenzi. Walilitazama faili lililoshukiwa, userprefs.js, wakakuta ndani yake msimbo wa JavaScript uliobanwa hadi hausomeki, lakini ni msimbo waliouweka wenyewe kwa makusudi. Wakawa na hakika kwamba Google imekosea. Heri yao hawakuishia hapo. Walipopekua kumbukumbu za seva waliona faili hilohilo likitoka kwa ukubwa usio wake, kisha baada ya dakika chache likirudi kwenye ukubwa wa kawaida. Mvamizi alikuwa akilibadilisha, na kazi ya rsync (programu ya kunakili mafaili) iliyopangwa kujirudia ilikuwa ikilifunika badiliko lake kwa nakala safi bila mtu kujua. Roboti ya Google ilipita katika upenyo huo. Ilibainika kwamba seva mbili zilikuwa zimevamiwa, na sehemu ndogo ya wageni ilikuwa ikipewa programu hasidi tangu tarehe 22.

Kwa hiyo "nimeifungua, mbona iko sawa?" si ushahidi. Wavamizi hawajionyeshi kwa mwenye nyumba. Kwenye tovuti iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress ikaingiliwa, mara nyingi utakuta mistari miwili mitatu imepachikwa kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva: mgeni akitokea kwenye matokeo ya Google, tena kwa simu, apelekwe kwenye tovuti ya kamari, wengine waingie kama kawaida. Mwenye tovuti huandika anwani mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisini, kwa hiyo masharti hayo hayamgusi hata siku moja. Aina nyingine huchungulia kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari: aliyeingia kama msimamizi haonyeshwi kitu. Nyingine hutoa uchafu wake mara moja tu kwa kila anwani ya IP, ndiyo maana mteja anaapa ameona na wewe ukirudia huoni.

Jaribio la maana lifanywe kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye usimamizi wa tovuti hiyo. Zima Wi-Fi, tumia data, fungua dirisha fiche, itafute tovuti kwenye Google, halafu bonyeza matokeo. Fundi aongeze curl, amri ya kuvuta ukurasa bila kivinjari: mara ya kwanza ya kawaida, mara ya pili akijitambulisha kama Googlebot, roboti ya Google, kwa -A na kujifanya ametokea google.com kwa -e. Kama majibu mawili yanatofautiana mahali ambapo hayakupaswa kutofautiana, hapo hakuna uonevu. Kwa kuwa wavamizi wengine huhakiki kama IP ni ya Google kweli, malizia na zana ya ukaguzi wa URL ndani ya Search Console (huduma ya Google kwa wenye tovuti), inayokuonyesha ukurasa kama Google yenyewe inavyoupokea.

Ndani ya seva, anza na folda ya wp-content/uploads. Humo ni mahali pa picha na hati; faili la .php ndani yake ni mgeni asiyealikwa, ukiacha zile index.php tupu ambazo baadhi ya plagini (programu za nyongeza) huziweka. Amri ya wp core verify-checksums hulinganisha mafaili ya WordPress yako na ya asili na kukutajia yaliyoguswa, na ipo ya kwake kwa plagini zilizotoka kwenye hazina ya WordPress.org. Plagini za kulipia ambazo mtu alizipata bure mtandaoni zikiwa "zimefunguliwa" hazina pa kulinganishwa, na mara nyingi ndizo mlango wenyewe. Tazama pia orodha ya watumiaji wenye cheo cha msimamizi, kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), na orodha ya wamiliki ndani ya Search Console, kwa sababu mvamizi anayejua kazi hujiandikisha humo kama mmiliki wa pili ili aone unachokifanya.

Kosa linalorudiwa sana ni kurudisha nakala ya akiba ya jana kwa tovuti iliyoingiliwa wiki tatu zilizopita. Uchafu unarudi pamoja nayo. Jingine ni kubadilisha nenosiri la akaunti moja bila kubadilisha funguo za siri zilizo ndani ya wp-config.php; mvamizi aliyekwisha kuingia kwa akaunti nyingine anaweza kubaki ndani, kwa sababu kipindi chake cha kuingia hakijakatwa.

Sasa tuchukulie umefanya yote hayo na tovuti ni safi. Hapo ndipo neno kuonewa linapopata uzito, na ili kuelewa uonevu huo ni lazima kujua orodha yenyewe inavyofanya kazi.

Google Safe Browsing ni orodha ya tovuti hatari. Chrome, Firefox na Safari zote huitumia, kwa hiyo ukiwekwa humo umefungiwa milango mitatu kwa mkupuo mmoja. Orodha haihifadhi anwani kama ulivyoizoea. Kivinjari huikatakata anwani unayoifungua vipande: jina kamili la seva, kisha majina mafupi zaidi yaliyomo ndani yake, kisha njia ya ukurasa hatua kwa hatua hadi kwenye mkwaju mtupu, yaani alama ya "/". Anwani moja inaweza kuzaa vipande hadi 30. Kila kipande hugeuzwa kwa hesabu ya SHA-256 kuwa hashi, yaani alama maalum ya kukitambulisha, na baiti 4 za mwanzo hulinganishwa na orodha. Zikifanana, hashi kamili huhakikiwa. Maana yake ni kwamba aliyeandika kwenye orodha kipande kirefu amefunga ukurasa mmoja, na aliyeandika kipande kifupi amefunga kikoa (jina la tovuti) kizima pamoja na vikoa vidogo vyake vyote.

Ufupi huo uliwahi kuiumbua Google yenyewe. Asubuhi ya tarehe 31 Januari 2009, kwa saa za California, mtu aliweka kwenye orodha alama moja tu, mkwaju "/", ambao kwa mantiki ya orodha unalingana na kila anwani duniani. Kwa muda wa kama dakika 40 kila tokeo la utafutaji lilibandikwa onyo kwamba tovuti inaweza kudhuru kompyuta yako. Google ilieleza hadharani kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu. Siku ile kila mtu alionewa, kwa hiyo lilirekebishwa haraka. Anapoonewa mmoja, haraka hiyo haipo.

Uonevu wa siku hizi hautokani na mkwaju. Unatokana na mfanano. Mashine inayotafuta kurasa za hadaa, zile zinazojifanya za mtu mwingine ili ziibe nenosiri, huuliza: huu ukurasa unaomba nenosiri, unafanana na ukurasa mwingine maarufu, na uko kwenye anwani isiyo ya huo maarufu? Zikijibiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, hukumu imeshatoka. Oktoba 2025 waundaji wa Immich, programu huria ya kuhifadhi picha kwenye seva yako mwenyewe, walieleza jinsi kikoa chao cha immich.cloud kilivyobandikwa alama ya hatari. Walikuwa wakitengeneza vikoa vidogo vya majaribio kwa kila badiliko la msimbo, na kila kimoja kilikuwa na ukurasa uleule wa kuingia wa Immich. Hakukuwa na ulaghai wowote. Waliomba uhakiki wakasafishwa, kisha kikoa kidogo kipya kikazaliwa na kikoa kizima kikafungwa tena. Mwishowe waliyahamishia majaribio hayo kwenye kikoa cha peke yake, ili yakifungwa yafungwe yenyewe.

Hilo ndilo funzo la kiufundi lenye thamani kuliko yote katika jambo hili: usichanganye biashara na majaribio kwenye kikoa kimoja. Kampuni inayowatengenezea wateja mifumo na kuionyesha kwenye demo.kampuni yake imeweka shingo yake na ya wateja wake kwenye kamba moja. Kama unawapa watu wengine vikoa vidogo ili wajaze wanachotaka, omba kikoa hicho kiingizwe kwenye Public Suffix List inayotunzwa chini ya Mozilla, ili kila kikoa kidogo kitazamwe kama tovuti ya mtu mwingine. Kurasa za kuingia zinazohitajika na wafanyakazi tu ziwekwe nyuma ya VPN au nenosiri la seva yenyewe. Faili la robots.txt halitoshi, maana ni ombi tu kwa roboti za utafutaji. Wala usidhani kikoa kidogo kisichotangazwa ni siri: vyeti vya usalama huandikwa kwenye madaftari ya wazi, na jina lililotolewa cheti asubuhi laweza kusomwa na yeyote mchana. Cheti cha nyota, kinachobeba vikoa vidogo vyote bila kuvitaja, hupunguza hilo.

Kwa wafanyabiashara wa kwetu mfanano una sura nyingine. Duka linasajili kikoa kipya leo, kesho linaweka fomu ya kuingia, na juu ya fomu linabandika nembo kubwa ya M-Pesa na ya benki ili mteja awe na imani. Kwa jicho la mashine, hivyo ndivyo tapeli anavyofanya: kikoa kichanga, nembo ya mkubwa, kisanduku cha nenosiri. Nembo za malipo ziwekwe chini ya ukurasa au kwenye hatua ya malipo, mbali na fomu ya kuingia. Usitie jina la mtandao wa simu au benki ndani ya kikoa. Na kisanduku cha kujaza PIN kisiwepo popote kwenye tovuti. Malipo halali huitisha PIN kwenye dirisha linaloibuka kwenye simu ya mteja mwenyewe.

Kuna pia uonevu wa kurithi. Kikoa ulichonunua kwa bei ya kutupa huenda kiliachwa na mtu aliyekichafua. Kabla ya kulipia, kipitishe kwenye ukurasa wa hali ya tovuti wa Safe Browsing na kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua usalama. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Turudi kwenye rufaa. Swali la kwanza ni: nani kasema? Onyo la Chrome lina wake, la Edge lina wake, maana Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft, na antivirasi iliyo kwenye kompyuta ya mteja ina orodha yake pia. Omba picha nzima ya skrini, pamoja na anwani ya juu na jina la programu. Watu wamepoteza wiki nzima wakiiandikia Google kwa onyo lililotoka kwenye antivirasi.

Ikiwa ni Google, njia ni Search Console. Thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa chako, kwa sababu hiyo hufanya kazi hata tovuti ikiwa imezimwa na hujumuisha vikoa vidogo vyote. Hapa wengi hukwama kwa sababu isiyo ya kiufundi: kikoa kilisajiliwa kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti, DNS anaishika yeye, na simu yake haipatikani. Hilo lirekebishwe siku ya amani.

Ndani ya sehemu ya masuala ya usalama utaona aina ya tatizo na, ukiwa na bahati, mifano ya kurasa. Ombi la uhakiki liseme mambo matatu: tatizo lilikuwa nini hasa, umefanya nini, na matokeo yake ni yapi. "Tovuti yetu ni safi, tafadhali ondoeni" ni ombi la kukataliwa. Andika kwamba ukurasa fulani, kwa anwani yake kamili, ni fomu ya kuingia ya wafanyakazi wa kampuni yenu, kwamba nembo iliyokuwepo ilikuwa ya mfumo mlioununua, na kwamba sasa umewekwa nyuma ya nenosiri la seva. Ndiyo, hata ukiwa na haki, badilisha kitu. Rufaa yenye badiliko humpa mhakiki sababu ya kuona jambo jipya.

Kwa maelezo ya Google, uhakiki wa hadaa huchukua kama siku moja, wa programu hasidi siku chache, na wa tovuti iliyojazwa uchafu wa spamu unaweza kufika wiki kadhaa. Usitume ombi la pili wakati la kwanza halijajibiwa. Tangu Novemba 2016 Google ina adhabu kwa wanaojisafisha ili wapite uhakiki kisha wakarudia: siku 30 bila ruhusa ya kuomba tena. Ilisema waliovamiwa hawahesabiwi humo, lakini hiyo si sababu ya kuomba kabla kazi haijaisha. Kwa hadaa iko pia fomu ya wazi ya kuripoti onyo lisilo sahihi, isiyodai umiliki. Wateja wako wanaweza kuijaza pia.

Google ikikusafisha, usishangae kuona onyo bado liko kwingine. VirusTotal, ambayo ni mali ya Google tangu 2012, hukusanya hukumu za watoa huduma zaidi ya 70, lakini haimfuti yeyote. Kila mmoja anaombwa kivyake: Fortinet, Bitdefender, Kaspersky, Sophos, kila mtu na fomu yake. Anza na wakubwa, kwa sababu wadogo wengi hunakili. Barua pepe zako zikianza kurudi, angalia Spamhaus, watunzaji wa orodha za kuzuia spamu. Viungo vikigoma Facebook, kuna zana yao ya kukagua viungo, ambayo pia hulazimisha nakala mpya ya ukurasa ichukuliwe.

Kuna onyo moja ambalo halikatiwi rufaa kabisa, nalo huchanganywa na haya yote: la cheti cha usalama. Hapo hakuna aliyekuhukumu. Cheti kimekwisha, au kimeandikwa jina lenye www na mteja ameingia bila www, au seva haitoi cheti cha kati, kiunganishi kati ya cheti chako na shirika lililokitoa. Hili la mwisho ndilo linalozua ubishi ofisini, kwa sababu vivinjari vingi vya kompyuta hujitafutia kipande kilichokosekana na baadhi ya programu za simu hazifanyi hivyo. Bosi haoni kosa, baadhi ya wateja wanaliona. Dawa ni kuiwekea seva mnyororo mzima wa cheti, kwa kawaida faili linaloitwa fullchain. Na zoeeni vyeti vinavyojihuisha vyenyewe: umri wa juu wa vyeti unashushwa hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, 100 mwaka unaofuata, na 47 ifikapo 15 Machi 2029. Anayehuisha kwa mkono atasahau.

Je, Google na wenzake hawana lawama? Wanayo, ila si ile wanayotupiwa mara nyingi. Kudai wampe mwenye tovuti taarifa kabla ya kumfungia hakuwezekani. Walipoanzisha ukaguzi wa papo kwa papo ndani ya Chrome Machi 2024 walisema tovuti ya ulaghai huishi kwa wastani chini ya dakika kumi, na taarifa ya siku moja ingekuwa zawadi kwa tapeli. Lawama ya haki ni ya baada ya kufungiwa. Ripoti mara nyingine hutaja aina ya kosa bila kutaja ukurasa. Kisingizio ni kwamba maelezo zaidi yatawafundisha wahalifu kujificha. Hakiingii akilini. Mwizi anajua alipoficha. Asiyejua ni mwenye nyumba. Anwani kamili, saa ilipoonwa na kilichoonwa, hayo matatu yangetosha. Wasimamizi wa php.net waliweza kupekua kumbukumbu za seva kwa sababu ndiyo kazi yao, na Immich waliandika hadharani wakasomwa na maelfu. Chama cha akiba na mikopo cha Iringa chenye tovuti ya kurasa sita hakina cha kwanza wala cha pili.

Wakati uhakiki ukiendelea, wateja wataendelea kuuliza. Watu hutuma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp: "bonyeza maelezo, kisha endelea hata hivyo". Usifanye hivyo, hata ukiwa na hakika ya asilimia mia. Mteja uliyemfundisha kuruka ukurasa mwekundu wako ataruka na wa tapeli atakayejifanya wewe. Wala usinakili tovuti nzima kwenye kikoa kipya. Kurasa zilezile za kuingia kwenye anwani ya siku mbili ndizo zinazokamatwa haraka zaidi, na hapo utakuwa na kesi mbili. Wape namba ya simu, pokea oda kwa mkono, na uweke ukurasa mmoja mtupu wenye jina la biashara, mahali ilipo na saa za kazi, bila fomu yoyote, hadi jibu litakapofika kwenye Search Console.